Mawe Yanayolisha Nyota

Sheria ya Mtama inataka aliyepima nyota akasome cheti chake mwenyewe, kwa sauti yake, mlangoni mwa watu wanaoishi kando ya nyota hiyo. Nilikuwa nimefika mstari wa nne wakati msumari wa kwanza ulipompata askari aliyesimama kulia kwangu. Ulikuwa msumari wa kufungia miamba, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na mashine iliyourusha ilitengenezwa kwa ajili ya kutoboa mawe. Ulimwingia chini ya taya. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama, na kwa kuwa uzito wa vitu ni mdogo pale mlangoni, damu yake ilielea kwa matone makubwa kabla ya kufika sakafuni.

Mbele yangu, ng'ambo ya kizingiti, alikuwa amesimama msemaji wao, mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya rangi ya kutu. Aliitwa Chilewa. Hakuwa na silaha. Alikuwa amenisikiliza kwa adabu, akaniomba nirudie umri wa nyota, nikarudia: miaka bilioni mbili na milioni mia nne. Akasema, "Mama, hilo joto mlilo—" na hapo ndipo msumari ulipokuja, na askari waliokuwa nyuma yangu wakafyatua risasi. Hakuwa yeye aliyerusha msumari. Alijikunja akishika tumbo, na watu wakamvuta ndani kwa kola.

Kapteni Lwitiko alinishika shingo akanilaza kifudifudi. Aliniuliza kama nimemaliza kusoma. Nikamwambia imebaki mistari miwili.

"Imalizie hapo hapo," alisema.

Nikaimalizia nikiwa nimelala, karatasi ikiwa chini ya kidevu changu, huku misumari ikigonga vyuma juu ya vichwa vyetu. Sheria ilikuwa imetimizwa. Kapteni akawaamuru watu wake waingie.

*

Mtama ni kundi la nyota elfu nne, zilizozaliwa pamoja katika wingu moja na kutawanyika angani kama nafaka iliyomwagika. Umri wake ni miaka bilioni sita. Kwa kuwa lina uvutano dhaifu, hupoteza nyota zake polepole, na nyota za kigeni nazo hukatiza katikati yake na kwenda zao. Wakazi wa nyota iliyozaliwa na kundi ni wana wa kundi, na hakuna meli ya kivita inayoruhusiwa kuwagusa. Wakazi wa nyota mpita njia hupewa siku tisini waondoke. Zikiisha, huja mtu kama Kapteni Lwitiko.

Kazi yangu kwa miaka thelathini ilikuwa kupima vibete vyeupe. Kibete cheupe ni kiini kinachobaki nyota ikifa: kina uzito unaokaribia wa jua, nacho ni kidogo kama sayari. Hakiwaki tena, kinapoa tu, na kinapoa kwa mwendo unaojulikana. Kwa hiyo ni saa. Joto lake linakwambia kimepoa kwa muda gani. Uzito wake unakwambia nyota iliyokizaa ilikuwa kubwa kiasi gani, na kwa hiyo iliishi muda gani kabla ya kufa. Unajumlisha vipindi hivyo viwili vya miaka. Ikikaribia bilioni sita, kibete ni cha Mtama. Isipokaribia, ni mpita njia, hata kama mwendo wake unafanana na wa wenzake.

Wapimaji hatuambiwi ni nani anaishi wapi. Zamani waliambiwa, na ikawa kila nyota yenye jamaa za mpimaji ni ya kundi. Tangu hapo nyota huletwa kwetu ikiwa namba na mwanga, basi. Kibete cha mia moja na nne kilinifikia hivyo. Kilikuwa kizito, kwa hiyo mama yake alikufa mapema, akiwa na miaka milioni mia nne tu. Kilikuwa na joto la nyuzi elfu saba na mia mbili, kwa hiyo kilikuwa kimepoa kwa miaka bilioni mbili. Mwanga wake ulikuwa na mistari mingi ya kalsiamu na chuma. Niliiandika pembeni, kwa kuwa vibete vingi huangukiwa na vimondo na hakuna ajabu katika hilo. Nikapiga hesabu mara tatu. Nikatia saini.

Watu wanaoishi pale, elfu tatu na kidogo, hawakuiita mia moja na nne. Waliiita Jiko.

*

Ilituchukua saa mbili kupigana kutoka mlangoni hadi chumba cha kombeo. Nasema kupigana ingawa mimi nilitambaa tu nyuma ya Kapteni nikiwa nimekumbatia kisanduku changu cha vipimo. Watu wa Jiko walikuwa wachimbaji. Walijua kila ukuta unafunguka wapi, na walitumia walichokuwa nacho: misumari, sururu, mvuke wa mabomba. Askari mmoja alifungua mlango mdogo akakutana na mvuke usoni, na sitaeleza sauti aliyotoa. Askari nao waliacha kuwaita watu wajisalimishe. Walikuwa wakitupa bomu kwanza, kisha ndio wanachungulia. Katika chumba kimoja kulikuwa na meza iliyoandaliwa chakula, na watu wanne chini yake ambao hawakuwa wapiganaji. Kapteni alisimama akawatazama kwa muda, kisha akaendelea mbele.

Alilitaka kombeo kwa sababu aliona linaweza kuzipiga meli zake. Lilikuwa mashine kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, mhimili wenye urefu wa kilomita nyingi ulionyooka kutoka upande mmoja wa makazi, na kila baada ya dakika nne lilirusha jiwe lenye ukubwa wa kilima. Chumba chake kilikuwa na mtu mmoja tu, mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Nangasu. Sajini Mahundi alimkuta amekaa kwenye kiti chake, anafanya kazi.

Mahundi alimwambia azime. Alikataa. Alimwambia tena, akakataa tena, na hakupandisha sauti. Basi Sajini akauchukua mkono wake wa kushoto, akauweka kwenye ukingo wa meza, akaanza kuvunja vidole kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, akiuliza kila baada ya kimoja. Nangasu alitapika kwenye cha pili. Kapteni alikuwa akizungumza na meli kwa redio, amegeuka upande mwingine. Sikumzuia Sajini. Niliangalia pembeni, na pembeni ndipo kioo cha kombeo kilipokuwa.

Kilionyesha njia ya mawe. Hayakuwa yakienda nje, kuliko na meli. Yalikuwa yakienda ndani, kwenye nyota. Chini kulikuwa na hesabu ya mawe yaliyorushwa tangu kombeo lijengwe, miaka mia mbili na kumi na moja iliyopita. Ilizidi milioni ishirini na saba.

Nilimwambia Sajini aache. Aliacha, nadhani kwa sababu sikuwa nimewahi kuinua sauti mbele yake.

"Dada," nilimwambia Nangasu, "haya mawe mnayatupa Jikoni ya nini?"

Alinitazama, akitweta. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Ya nini? Tunachochea, mama. Lilikuwa linatuzimikia. Babu zetu walianza kulitupia mawe, likawaka, na sisi tunaendelea." Akafuta mdomo kwa mkono mzima. "Ina maana ulitupima na hukujua tunaota moto?"

*

Jiwe likianguka kwenye kibete cheupe linafika likiwa na kasi kubwa mno, na kasi hiyo yote hugeuka joto. Mawe milioni ishirini na saba, bila kupumzika, kwa miaka mia mbili. Nilikaa sakafuni nikapiga hesabu nyuma ya cheti changu mwenyewe. Robo tatu ya mwanga niliokuwa nimeupima haukuwa wa nyota. Ulikuwa wa mawe. Ukiuondoa, nyuzi elfu saba na mia mbili zinashuka hadi elfu tano na mia moja, na miaka ya kupoa inapanda hadi bilioni tano na nusu na zaidi. Jumla ilikuwa sita. Kibete kilikuwa cha Mtama. Watu hawa walikuwa wana wa kundi, na tulikuwa ndani ya nyumba yao na mabomu.

Nilimweleza Kapteni. Alinisikiliza hadi mwisho, maana si mtu mbaya, na alikuwa na watu tisa waliokufa. Alisema cheti hakifutwi kwa hesabu. Kinafutwa kwa kipimo kingine cha nyota yenyewe, kilichotiwa saini, na yeye hawezi kuondoka kwa sababu mpimaji amepata wazo.

"Basi mawe yazimwe," nilisema. "Nyota itaonyesha yenyewe. Mawe yamechoma ngozi tu, ndani ni baridi. Itashuka mbele ya macho yetu."

"Kwa muda gani?"

Nilimwambia mawe yaliyoko njiani yataendelea kuanguka kwa saa tisa. Baada ya hapo, siku mbili, labda na nusu, na kipimo kikitua chini ya elfu tano na mia mbili, imethibitika.

"Nitangoja. Sina haraka," alisema. Askari wake walikuwa na suti zenye joto.

Nangasu alikuwa akisikiliza huku mtu wa tiba akimfunga mkono. Alisema kwamba bila mawe Jiko halitoi hata robo ya joto lake, na kwamba mitambo ya umeme inaishi kwa mwanga huo huo. Makazi yakiwa mazima yangevumilia siku mbili. Lakini tulikuwa tumeyatoboa. Wodi ya majeruhi ilikuwa kwenye ukuta wa nje, na kaka yake alikuwa humo na risasi tumboni. Nilimuuliza jina la kaka yake. Akaniambia: Chilewa.

Nilimwambia ukweli kama nilivyouona: mawe yakiendelea, Kapteni atawatoa wote, na watakaogoma watauawa. Yakizimwa, baadhi ya watu watakufa kwa baridi, sijui wangapi, na waliobaki watakuwa na nyumba yao. Nikasema uamuzi ni wake.

"Si wangu peke yangu," alijibu. Alichukua kipaza sauti akawaeleza watu wa Jiko maneno hayo hayo, bila kuyapamba, na akawaambia waliokaribu na wodi wawahamishe majeruhi ndani. Kisha akageuka kwangu. "Wewe ndiye uliyesoma karatasi. Kishikio kile chekundu. Kivute mwenyewe."

Nikakivuta. Mtetemo uliokuwa sakafuni, ambao nilikuwa nimeuzoea bila kujua, ukakoma.

*

Si wote waliomsikia Nangasu. Walioko ngazi za juu walikuwa wamekatiwa waya na mapigano na hawakusikia chochote. Waliona tu kwamba baridi inaingia na kombeo limenyamaza, wakajua askari wamelizima ili kuwaua. Saa ya kumi na nane tangu kishikio kivutwe, walikuja, watu kama thelathini, wakiongozwa na fundi wa mabomba aitwaye Ndimbo, mzee mwenye ndevu zilizoganda barafu. Walivunja mlango kwa sururu.

Ndimbo alimpiga Sajini Mahundi kifuani kwa ncha ya sururu, ikapenya suti na mbavu, ikakwama. Alikuwa bado anaivuta itoke wakati askari wawili walipompiga risasi mgongoni, kisha kichwani. Waliomfuata walimkanyaga. Mmoja alikifikia kishikio akaanza kukisukuma, na Nangasu akamrukia kwa nyuma, akamzungushia mkono shingoni, akamvuta chini. Nilimsikia akimwita kwa jina, akimwambia, "Acha, acha, jirani yangu, nisikilize." Jirani yake alimng'ata mkono uliovunjika. Nangasu alipiga ukelele lakini hakumwachia. Kapteni alimchoma mtu huyo kisu akiwa bado juu ya Nangasu.

Ilipoisha walikuwa wamekufa watu kumi na wawili kwenye chumba kisichozidi hatua nane. Waliobaki walikaa ukutani, na Nangasu akawaeleza kwa nini alikuwa amelinda kishikio dhidi yao. Walimsikiliza. Mwanamke mmoja alimvua Ndimbo koti lake, lililokuwa na damu, akalivaa.

Mimi nilikuwa na kazi ya kupima. Kila nusu saa nilielekeza jicho la kisanduku changu kwenye nyota, nikaandika. Saa ya kumi na mbili: elfu sita na mia nne. Ya kumi na nane: elfu tano na mia tisa. Ya ishirini na nne: elfu tano na mia tano. Dirishani, Jiko lilikuwa limegeuka kutoka weupe wa maziwa hadi rangi ya mahindi yaliyokauka. Wino ulikuwa mzito, nikawa napasha kalamu joto kwapani. Watu wa ndani ya makazi walikuwa wakituma majina kwa simu ya ukutani, na Nangasu aliyaandika kwa mkono wa kulia kwenye ubao, chini ya hesabu ya mawe. Kufikia saa ya ishirini na nne yalikuwa majina kumi na tisa, wengi wao wazee na majeruhi.

*

Saa ya ishirini na saba simu ililia. Nangasu alisikiliza, akasema asante, akaandika jina la kaka yake kama alivyoandika mengine. Kisha akakaa.

Sikutaka kumuuliza. Yeye ndiye aliyeniuliza nyota iko wapi. Nilimwambia elfu tano na mia nne.

"Na mnataka ngapi?"

"Elfu tano na mia mbili, na itulie hapo."

"Bado muda gani?"

Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo, na kwa saa nzima nilikuwa nikiikwepa. Kadiri nyota ilivyokaribia mwisho ilikuwa ikishuka polepole zaidi. Haikuwa inafuata mstari niliouchora. Ilikuwa nyuma kidogo, labda kwa sababu mawe ya miaka mia mbili yalikuwa yamepasha joto kwa kina zaidi ya nilivyodhani. Labda kwa sababu nilikosea, na chini ya mawe kulikuwa na nyota yenye joto lake la haki, mpita njia kama nilivyosema mwanzo. Njia ya kujua ilikuwa moja, kungoja. Nilimwambia: saa arobaini nyingine, labda hamsini.

Alitazama ubao. Kutoka ngazi za chini tulisikia mtu akigonga bomba kwa chuma, taratibu, kama anayejaribu kukaa macho.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba mpimaji haandiki asichokiona. Sina imani nyingine kubwa kuliko hiyo. Cheti changu cha kwanza kilikuwa cha kweli: kila namba ndani yake niliiona kwa macho yangu, na kwa sababu yake watu walikuwa wamelala wafu kutoka mlangoni hadi hapa. Nilijaribu kupima jambo hilo kama ninavyopima mengine, upande huu na upande ule, na sikupata jumla. Simu ikalia tena. Nangasu akainuka kwenda kuipokea.

Kabla hajaifikia nilichukua karatasi mpya. Niliandika: kibete cha mia moja na nne, joto la uso nyuzi elfu tano na mia moja, umri miaka bilioni sita, mzaliwa wa Mtama. Nikatia saini. Nikampelekea Kapteni Lwitiko, aliyekuwa amekaa kando ya maiti ya Sajini wake, na nilimkabidhi kwa mikono miwili.

Aliisoma. Akatazama dirishani, ambako nyota ilikuwa na rangi ile ile ya mahindi, kisha akanitazama mimi.

"Umepima?"

"Nimepima."

Angeweza kuomba aone daftari langu. Hakuliomba. Aliikunja karatasi akaitia kifuani, akasimama kwa shida, akaita watu wake kwa redio waweke silaha chini na waanze kugawa suti kwa majeruhi wa Jiko. Baada ya hapo akarudi kumfunika Mahundi.

Nangasu alikisukuma kishikio kurudi mahali pake. Sakafu ikaanza kutetemeka. Jiwe la kwanza likaondoka.

Lingechukua saa tisa kufika. Ningeweza kwenda kulala. Nilibaki kwenye kisanduku changu, na yeye alibaki kwenye kiti chake akipanga mawe kwa mkono mmoja, na kila nusu saa niliandika kama kawaida. Elfu tano na mia tatu themanini. Mia tatu sitini. Mia tatu arobaini na tano. Mia tatu na thelathini. Ilikuwa bado inashuka. Saa ya tisa ilipotimia, alama nyeupe ndogo ilijitokeza ukingoni mwa nyota ikasambaa, na kipimo kilichofuata kilikuwa kimepanda.

Nangasu alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. Alikuwa ameshazijua namba hizo kwa kunisikia nikizitamka.

"Ingefika?" aliuliza.

"Sijui," nilimwambia.

Alifikiri. Kisha akanigusa bega kwa mkono wake mzima nisogee, kwa sababu nilikuwa nimezuia njia ya kwenda kwenye meza, na zamu ya jiwe jingine ilikuwa imefika.